ALAMA YA A KATIKA SAYANSI: KWA NINI NI ADIMU, NA SISI WAZAZI TUFANYE NINI?



Jioni moja ya Januari, baba mmoja wa jamaa zetu alinigongea mlango. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na nyuma yake alifuata binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, kichwa kimeinama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni ndani, baridi hiyo."

Baba hakutaka kuketi. "Mwalimu, wewe umesomesha umri wako wote. Hebu nitazamie hii. Mtoto amepata sitini na sita kwa mia katika mtihani wa majaribio wa fizikia, kisha ananiambia kwamba hiyo ni A. Mimi mwenyewe nimesoma PCM. Sitini na sita kwetu ni C. Sasa, shule inamdanganya yeye, au yeye ananidanganya mimi?"

Binti hakujibu. Machozi yalikuwa karibu.

Niliisoma karatasi ile mstari kwa mstari. Binti alikuwa akisema kweli, na baba pia alikuwa akisema kweli. Kila mmoja alikuwa akitumia mizani yake. Tangu siku ile nimeona ni wajibu wangu kuliandika jambo hili, kwani naamini si nyumba ile peke yake iliyopata mtafaruku kwa sababu ya herufi moja.

MIZANI MBILI

Sisi tuliosoma Tanzania tumelelewa na alama zisizosogea. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria mwaka 1973, baada ya nchi kujitoa mwaka 1971 katika baraza la pamoja la Afrika Mashariki. Katika utaratibu unaotumika sasa, mtahiniwa wa kidato cha sita hupata A akifikisha 80 kwa mia. B huanzia 70, na C huanzia 60. Kwa kidato cha nne A huanzia 75. Mtoto anajua kabla ya kuingia chumba cha mtihani ni ukuta upi anaotakiwa kuuruka. Karatasi ikiwa ngumu, wengi wataanguka. Ikiwa nyepesi, wengi watavuka. Ukuta uko pale pale.

Hapa England mambo ni kinyume. Katika mtihani wa A-level, ukuta hujengwa baada ya wanafunzi kwisha kuruka. Karatasi husahihishwa kwanza, kisha watahini wakuu hukutana, hulinganisha kazi za mwaka huu na za miaka iliyopita, na hutazama takwimu za jinsi kundi hili la wanafunzi lilivyofanya katika mitihani yao ya GCSE. Hapo ndipo huamua A ianzie alama ngapi na E ianzie alama ngapi. Mipaka ya B, C na D hupatikana kwa kugawanya nafasi iliyo kati ya hizo mbili. Mipaka yote hutangazwa siku ile ile ya matokeo.

Sababu yake ni nzuri. Hakuna mwalimu duniani awezaye kutunga karatasi mbili zenye ugumu sawasawa kwa miaka miwili mfululizo. Nimetunga mitihani zaidi ya miaka thelathini, nyumbani na hapa, na sijawahi kuweza. Kwa hiyo karatasi ikitoka ngumu, mpaka hushushwa. Ikitoka nyepesi, hupandishwa, ili mtoto wa mwaka mgumu asidhulumiwe. Ndiyo maana katika fizikia, kemia na baiolojia mpaka wa A mara nyingi huangukia chini ya 75 kwa mia. Alama 66 za yule binti, kwa kipimo cha karatasi aliyopewa, zilikuwa A bila shaka yoyote. Zingekuwa C Dar es Salaam, lakini hakufanya mtihani wa Dar es Salaam.

UADIMU HUPANGWA

Baba yule alipotulia na kukubali kikombe cha chai, aliniuliza swali la pili, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza: "Basi kama A hupatikana kwa sitini na sita, mbona wanaoipata ni wachache?"

Jibu ni kwamba uadimu wa alama za juu hautokani na akili za watoto peke yake. Kwa sehemu kubwa, hupangwa na watu.

Mitihani ya A-level ilianza mwaka 1951. Mwaka 1963 ulitolewa mwongozo uliogawa madaraja kwa hesabu ya vichwa: takriban watahiniwa 10 katika kila mia wapate A, 15 wapate B, 10 wapate C, 15 wapate D na 20 wapate E. Tafakari maana yake. Hata kama kizazi kizima kingezaliwa na akili za Newton, tisini katika mia wangerudi nyumbani bila A. Utaratibu huo ulidumu hadi miaka ya 1980 ilipokuwa ikielekea ukingoni, kisha ukaachwa na hukumu ya ubora wa kazi ikapewa nafasi kubwa zaidi. Wenye A wakaongezeka mwaka hadi mwaka, hata vyuo vikuu vikalalamika kwamba haviwezi tena kuwatenganisha waombaji. Ndipo mwaka 2010 ikaongezwa ngazi mpya juu ya A, ile inayoandikwa A na nyota pembeni yake.

Sasa tazameni mambo yaliyotokea ndani ya miaka michache tu. Mwaka 2019 A za nyota zilikuwa karibu 8 katika kila matokeo mia. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, mitihani ikafutwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo matokeo yalitolewa kwanza kwa kanuni ya kompyuta, ambayo hapa England ilishusha takriban madaraja manne katika kila kumi yaliyopendekezwa na walimu. Vijana wakaingia barabarani, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma na kuyakubali madaraja ya walimu. Mwaka 2021, walimu walipotoa madaraja tena, A za nyota zilifika 19.1 kwa mia. Mitihani ikarejea, mwaka 2022 zikawa 14.6, na mwaka 2023 zikashuka hadi 8.9. Mwaka 2025 zilikuwa 9.4.

Je, watoto wa mwaka 2021 walikuwa na akili mara mbili ya kaka zao wa mwaka 2019, na wadogo zao wa mwaka 2023 wakazipoteza? La hasha. Watoto ni wale wale. Kilichobadilika ni mizani.

Wenzetu waliotoka Kenya wanayajua haya kwa njia nyingine. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata wastani wa A. Mwaka 2016 serikali ilibana wizi wa mitihani, na matokeo yakatolewa mwishoni mwa Desemba bila kupandishwa. Katika watahiniwa zaidi ya laki tano, waliopata A walikuwa 141 tu. Mwaka 2017 walikuwa 142. Huko nako jamii ililia, na wazazi wakawageukia watoto kwa maneno makali. Lakini mtoto aliyepata B mwaka 2016 hakuwa mjinga kuliko kaka yake aliyepata A mwaka 2015. Yamkini alikuwa na haki zaidi ya kujivunia, kwa kuwa aliipata B yake mbele ya msimamizi mkali.

Tahadhari nyingine ni hii: uadimu wa alama katika somo moja hauwezi kulinganishwa na wa somo jingine bila kuuliza ni nani waliokalia madawati. Katika ile hisabati ya ziada ya A-level, zaidi ya moja ya tano ya matokeo huwa A ya nyota. Mtu asiyejua atasema ni somo jepesi. Kumbe wanaolichagua ni wachache ambao tayari ni mabingwa wa hesabu. Wapo pia waliodai kwamba fizikia, kemia na baiolojia husahihishwa kwa ukali kuliko masomo mengine. Ofqual, mamlaka inayosimamia mitihani ya England, ililichunguza dai hilo na mwaka 2018 ikaamua kwamba hapakuwa na sababu ya kutosha ya kubadili mipaka. Kwa hiyo mtoto anayechagua sayansi tatu ajue kwamba amechagua mlima, na mzazi naye ajue hivyo hivyo.

MAHALI ALAMA ZINAPOPOTEA

Pamoja na hayo, sisemi kwamba juhudi hazina maana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ninachosema ni kwamba ainame mahali penyewe cha mvunguni kilipo.

Katika kusahihisha kwangu nimeona kwamba mwanafunzi wa B na mwanafunzi wa A mara nyingi wanajua mambo yale yale. Tofauti yao ni namna ya kujibu. Mwulize wa kwanza kwa nini seli ya mmea huvimba ikitiwa ndani ya maji safi. Atakuandikia, "maji huingia." Ni kweli, lakini mwongozo wa msahihishaji hauna alama kwa maneno hayo. Wa pili ataandika kwamba maji huingia kwa osmosisi, kutoka nje ambako uwezo wa maji ni mkubwa, kwenda ndani ambako ni mdogo, kupitia utando unaopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine. Huyo atapata alama zote tatu. Wa kwanza alijua. Wa pili alijua na akasema.

Katika fizikia, alama hupotea kwa kusahau vizio vya kipimo, kama niutoni au volti. Kwa kuandika jibu lenye tarakimu nane ilhali vipimo vilivyotolewa vina tarakimu tatu. Na kwa kutoonyesha hatua za hesabu. Mtoto akionyesha hatua zake, hata akikosea mwanzoni, msahihishaji anaweza kumpa alama za njia. Akiandika jibu peke yake nalo likawa kosa, hapati kitu.

Hesabu yenyewe si jambo dogo. Katika mtaala uliotahiniwa kwanza mwaka 2017, walau 40 kwa mia ya alama za fizikia ni za hisabati. Kwa kemia ni 20, na kwa baiolojia ni 10. Mtoto anayetaka A ya fizikia huku akiikimbia hisabati anataka kuvuka bahari bila chombo. Aidha, kazi ya maabara hutolewa hukumu yake pembeni, amefaulu au hakufaulu, bila kuingizwa katika daraja; lakini walau 15 kwa mia ya alama za karatasi huuliza juu ya majaribio hayo hayo. Anayesimama nyuma ya wenzake maabara huku wao wakipima na kumimina, atayalipia mbele ya safari.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mitihani ya miaka iliyopita, pamoja na miongozo ya kusahihishia na taarifa za watahini wakuu, hutolewa bure na bodi za mitihani. Mwanafunzi afanye karatasi kwa saa iliyowekwa, kisha achukue kalamu nyekundu ajisahihishe mwenyewe kwa ukali. Akifanya hivyo kila wiki, ataanza kuisikia sauti ya msahihishaji kichwani mwake.

MLANGO UNAOFUNGWA KIMYA KIMYA

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi wa kwetu hawalijui hadi muda umekwisha pita. Kabla ya A-level kuna GCSE, ambazo kwa sayansi hutolewa madaraja ya tarakimu tangu mwaka 2018, 9 likiwa la juu kabisa. Karatasi za sayansi ni za aina mbili: za ngazi ya msingi na za ngazi ya juu. Mtoto aliyeandikishwa ngazi ya msingi, hata asipokosa swali hata moja, hawezi kupata zaidi ya 5. Nyingi ya shule na vyuo hudai 6 au 7 kwa anayetaka kusoma sayansi ya A-level. Kwa hiyo ndoto ya udaktari inaweza kuzimwa kwa alama ya vema iliyotiwa kwenye fomu mtoto akiwa na miaka kumi na mitano, na mzazi asisikie hata mlio.

Walimu wengi huamua kwa nia njema. Lakini mtoto aliyefika nchi hii juzi, ambaye Kiingereza chake bado kinajengeka, anaweza kuonekana dhaifu wa sayansi kumbe ni dhaifu wa lugha tu. Nendeni kwenye vikao vya wazazi. Ulizeni swali hili moja, hata kwa Kiingereza cha kuokoteza: mwanangu ameandikishwa ngazi gani, na kwa nini? Tusione haya. Mwalimu mwema hulipenda swali hilo.

Na kwa wale wanaodhani kwamba bila A za nyota hakuna udaktari: vyuo vingi vya udaktari hapa huomba A tatu, kemia mara nyingi ikiwa ya lazima, pamoja na mtihani wa pekee wa kuingilia na usaili. Zaidi ya hapo ziko fani nyingi za sayansi na afya zinazopokea B na C, nazo hutoa watu wanaoheshimika na kulipwa vizuri. Hospitali haiendeshwi na madaktari peke yao.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sitakuwa mwaminifu nikimaliza bila kueleza kosa nililolitenda mimi. Miaka kadhaa iliyopita, katika sherehe yetu ya mwezi wa Agosti, niliombwa kuwapongeza vijana waliomaliza. Nikasimama na orodha, nikasoma majina ya waliopata A, mmoja mmoja, watu wakapiga makofi na vigelegele. Wasiokuwa na A sikuwataja. Sikuona ubaya, ndivyo tulivyofanyiwa shuleni, matokeo yakibandikwa ukutani.

Katika ukumbi ule alikuwamo kijana mmoja aliyepata B mbili na C moja. Mama yake alikuwa akifanya kazi ya kusafisha ofisi usiku, na yeye ndiye aliyewalaza na kuwaamsha wadogo zake miaka yote miwili ya A-level. Alitoka nje kabla chakula hakijaletwa. Hakurudi tena katika shughuli zetu. Nilipokuja kuyajua hayo, niliona haya kupita kiasi. Kwa mizani yoyote ya haki, B zile zilikuwa nzito kuliko A nyingi nilizozisoma. Mimi, niliyeijua mizani kuliko wote waliokuwamo, ndiye niliyemhukumu kwa herufi.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa kamati yetu na kwa kila nyumba. Agosti ikija, tuwaite vijana wote mbele. Tusiwaulize, "Umepata A ngapi?" Tuwaulize, "Unaelekea wapi sasa, na tukusaidie nini?" Walioshinda watajulikana tu, furaha haifichiki. Na walioanguka watajua kwamba bado wana kwao.

Nimalizie kwa yule baba na binti yake. Agosti ilipofika walikuja tena, safari hii wakiwa pamoja na mama. Kemia alipata A, baiolojia A, fizikia B. Baba akaniuliza tufuatilie ile B. Shule ilipotupatia alama zake, tuliona kwamba alipungukiwa na alama 3 kati ya 250 kuifikia A. Alama tatu, ndugu zangu, ni sawa na kusahau vizio mara tatu. Tulizungumza habari ya kuomba karatasi ikaguliwe upya, nikawaeleza kwamba alama zinaweza kupanda na zinaweza pia kushuka. Binti akasema hana haja. Nafasi yake ya kusomea ufamasia ilikwisha thibitishwa asubuhi ile.

Baba alinyamaza kitambo, akiitazama ile karatasi. Kisha akaikunja mara nne kama ilivyo desturi yake, akaitia mfukoni, akamgeukia.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Sasa nifundishe na mimi hiyo mizani, maana mdogo wako anafuata."